Pesa Mlizookoa Likizoni Zimetoka kwa Nani?



Barua nyingi zinazofika katika ukurasa huu ni za mambo mazito: ulevi, wakwe, bwana asiyelala nyumbani, karo iliyopotelea njiani. Barua ya mara hii ilionekana nyepesi, na nusura niiweke kando. Imetoka kwa mama mmoja mzaliwa wa huku kwetu anayeishi Marekani pamoja na bwana yake na watoto wao watatu. Kwa miaka miwili wamekuwa wakiweka akiba ili wawapeleke watoto Walt Disney World, zile bustani kubwa za burudani zilizo karibu na mji wa Orlando katika jimbo la Florida. Mama mzazi wa bwana naye yuko kwao kwa matembezi, kwa hiyo watakuwa watu sita. Siku ya safari imekaribia, na wale wawili hawasemezani.

Wanagombania mahali pa kulala. Bwana amepata nyumba ya kukodi huko Kissimmee, nje ya eneo la bustani, yenye vyumba vitatu, jiko kamili, na kidimbwi cha kuogelea nyuma ya nyumba. Bei yake kwa juma zima haifiki nusu ya bei ya vyumba viwili katika hoteli iliyo ndani ya eneo lenyewe. Mama anataka hoteli ya ndani. Anaandika: "Bwana ananiita mharibifu mbele ya mama yake. Lakini mimi napika kila siku nikitoka kazini. Je, nikae ndani ya gari siku moja na nusu ili nikapike Florida?" Na mwishoni anaongeza: "Tafadhali mwandikie kwamba ubahili ni dhambi."

Sitamwandikia hivyo, kwa sababu sina hakika kwamba bwana huyo ni bahili. Wala sitamwambia mama kwamba ni mharibifu. Nilipoisoma barua mara ya pili niliona kwamba si nyepesi hata kidogo, na baadaye nitakueleza kwa nini ilinichoma mimi mwenyewe.

Huenda wewe msomaji uliye Kitale au Machakos unajiuliza haya yanakuhusu nini. Usigeuze ukurasa upesi. Labda una mtoto au ndugu huko ng'ambo ambaye jambo hili limemkuta. Na hata kama huna, Desemba huja kila mwaka, na kuchagua kati ya hoteli ya pwani na nyumba ya shemeji ni jambo la ukoo mmoja na hili. Lakini hebu kwanza tupajue mahali penyewe, maana huwezi kuamua ugomvi wa bei bila kujua kinachouzwa.

Bwana Walt Disney, mtengenezaji wa sinema za katuni, alifungua bustani yake ya kwanza mwaka 1955 huko Anaheim, California. Hakuwa na fedha za kununua ardhi kubwa kuizunguka. Mara wengine wakajenga hoteli na mikahawa hadi mlangoni pake, wakavuna kutoka kwa wageni walioletwa na yeye, na jambo hilo lilimuuma. Basi alipotafuta mahali pa pili alinunua huko Florida kiasi cha ekari 27,000, kimyakimya, kwa kutumia makampuni yenye majina mengine ili wenye mashamba wasipandishe bei. Siri hiyo haikufichuka hadi mwaka 1965. Mwenyewe alifariki Desemba 1966, asiione kazi ikimalizika. Walt Disney World ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971 ikiwa na bustani moja, Magic Kingdom, na hoteli mbili kubwa. Leo bustani ni nne, na hoteli ni nyingi sana.

Nayasimulia haya ili uelewe kwamba mpaka kati ya ndani na nje haukutokea wenyewe. Ulikusudiwa. Anayelala ndani hula ndani na hununua ndani, na kuna mabasi ya kumzungusha ndani bila malipo mengine, hata asahau kwamba nje kuna maduka ya kawaida yenye mkate wa bei ya kawaida. Biashara si kosa. Lakini nawe unayelala nje hujamwibia mtu, wala huna sababu ya kuona haya. Tiketi umenunua kama wenzako, na langoni hakuna anayekuuliza umeamkia wapi.

Sasa bei. Chumba cha bei ya chini kabisa huko ndani hupita dola 100 kwa usiku, na katika majuma ya sikukuu na likizo za shule hupita 200. Vyumba vingi vya bei hiyo vimekusudiwa watu wanne tu, basi watu sita watahitaji viwili. Katika hoteli za fahari, kama vile Animal Kingdom Lodge, usiku mmoja hupita dola 400. Nje, kando ya barabara ya 192 inayopita Kissimmee, hupatikana vyumba vya chini ya dola 100, na ziko nyumba nyingi zilizojengwa kwa ajili ya kukodishwa kwa juma. Tiketi ya kuingia bustanini ni ile ile popote utakapolala. Ya siku moja hupita dola 100 kwa mtu, ingawa ukinunua ya siku kadhaa pamoja, bei ya kila siku hupungua. Ukizidisha kwa watu sita utaelewa kwa nini bwana yule alichukua kalamu na karatasi.

Kwa hiyo hesabu yake ni ya kweli. Haijakamilika tu.

Wenye magari wanaolala nje hulipa dola 30 au zaidi kila siku kwa kuegesha, malipo ambayo wageni wa hoteli za kampuni hawatozwi. Wageni hao huruhusiwa pia kuingia bustanini nusu saa kabla ya wengine, na nusu saa ya asubuhi, kabla foleni hazijarefuka, ina thamani kuliko saa nzima ya mchana. Tena ukifika Magic Kingdom kwa gari hujafika bado. Unaegesha, kisha unapanda feri ya kuvuka ziwa au treni ya reli moja ndipo ulione lango. Yote hayo ni sawa asubuhi, watu wakiwa na nguvu. Lakini Florida wakati wa kiangazi chao ni joto la nyuzi 32 au 33, na alasiri mara nyingi huja mvua ya radi. Saa saba mchana mtoto wa miaka mitatu anahitaji kulala. Aliye ndani hurudi hotelini, hulala, huoga, na jioni hutoka tena. Aliye nje hufikiri juu ya ile feri, lile gari na ile barabara, kisha huamua kuvumilia. Mtoto hulala kwenye kigari na nyanya husinzia kwenye benchi.

Hayo yote bwana angeweza kuyaongeza katika karatasi yake, na bado nyumba ya nje ingekuwa rahisi. Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo halikuingia katika karatasi kabisa, na hilo ndilo mama alilojaribu kusema akakosa maneno, akasema ubahili.

Hoteli inauza vitu viwili kwa bei moja: kitanda, na ruhusa ya kutofanya kazi. Mwingine anatandika, mwingine anapika, mwingine anaosha. Ukiikataa hoteli, kitanda unakipata kwingine kwa bei nafuu. Ile kazi je? Haikufutwa. Imehama tu kutoka kwa watu wanaolipwa mshahara hadi kwa mtu asiyelipwa. Hebu tuhesabu. Watu sita, siku saba, kiamsha kinywa na chakula cha jioni: ni sahani 84, mbali na vikombe, mbali na sufuria, mbali na mikate ya kubeba mchana, mbali na nguo za kuogelea za watoto watatu. Ili familia iwe langoni mapema, kuna mtu ataamka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Na wakirudi saa tatu usiku, wote wakijitupa kwenye viti, kuna mtu atakayeelekea jikoni bila hata kuvua viatu. Je, msomaji, unahitaji nikuambie ni nani?

Bwana anaziita pesa hizo "tulizookoa". Neno hilo "tu" ndilo linalonishughulisha. Nikiokoa shilingi kwa kutembea kwa miguu badala ya kupanda matatu, miguu ni yangu na shilingi ni yangu. Nisifiwe au nichekwe, ni juu yangu. Lakini nikiokoa shilingi kwa kumtembeza mwenzangu, mimi nikajiita mwekevu, nimefanya nini? Nimetoa katika mfuko wa mtu mwingine, na mfuko wenyewe hauonekani kwa sababu ndani yake hamna fedha, mna mgongo na usingizi. Kuweka akiba ni fadhila, sipingi. Nauliza tu kama fadhila yaweza kuwa yangu wakati gharama yake ni yako, nawe hukuulizwa.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba kama vile mwili unavyochoka ukahitaji kulala, vivyo hivyo roho huchoka, na kwamba pumziko lake ni mchezo na furaha. Wengi wetu tuliolelewa katika shule za zamani tulidhani mchezo ni wa watoto na wavivu. Yeye aliona kwamba binadamu anauhitaji. Wala hakusema kwamba unahitajiwa na baba na watoto peke yao.

Nilisema kwamba barua hii ilinichoma. Mwaka 1988 mimi na mke wangu tuliwapeleka watoto wetu wanne Mombasa kwa mara ya kwanza. Tulipanda gari la moshi la usiku kutoka Nairobi, daraja la pili, watoto wakagombania kitanda cha juu. Hoteli sikutaka hata kuzisikia bei zake. Nilikuwa na binamu yangu Changamwe, naye alitukaribisha kwa mikono miwili siku kumi. Mke wa binamu alikuwa akifanya kazi mchana kutwa, na mke wangu, kwa adabu aliyofunzwa kwao, hakuweza kukaa tu katika nyumba ya watu. Siku ya pili akashika jiko. Tulikuwa watu kumi na mmoja katika nyumba ile. Mimi niliwapeleka watoto Fort Jesus, nikawapeleka pwani ya Bamburi, nikawapandisha feri ya Likoni kwenda na kurudi bila shughuli yoyote, kwa raha tu. Jioni tulirudi tukiwa na mchanga masikioni, tukakuta wali na samaki tayari. Nilikuwa na kijitabu cha gharama, na kila usiku nilikifungua kwa fahari. Tuliporudi nyumbani, pesa zilizobaki zilitosha kununua mabati, na kwa mabati hayo nikaezeka jiko. Niliona nimefanya jambo la maana kwa ajili ya mke wangu.

Ilipita miaka kumi na miwili. Siku moja binti zetu walikuwa wakiongea sebuleni juu ya Mombasa, nani alilia kwa kuogopa mawimbi, nani alipoteza kiatu. Mmoja akamuuliza mama yao, "Mama, wewe wakumbuka nini?" Akajibu kwa upole, bila uchungu wowote, akiendelea kuchambua mboga: "Mimi Mombasa sijafika." Watoto walicheka wakidhani ni mzaha. Mimi sikucheka.

Ndiyo maana nasema ugomvi huu si wa kitanda. Hata huku kwetu, nyumba nyingi za kukodi huko Diani na Malindi huja na mpishi. Wewe hununua samaki, yeye huwapika, nawe humlipa kwa kazi yake. Nyumba ya Kissimmee huja na jiko peke yake, na jiko halipiki.

Sasa nikugeukie wewe mama uliyeandika, maana nawe karatasi yako ina pengo.

Umeandika, kama jambo la kupita tu, kwamba hoteli ya ndani "tungeilipa kwa kadi ya mkopo kisha tumalize polepole". Umeandika pia kwamba bwana yako hufanya kazi ya usiku katika ghala na kwamba yeye ndiye anayemlipia mdogo wake karo huku nyumbani. Hukuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Niruhusu niyaweke mimi. Riba ya kadi hizo huko Marekani kwa kawaida hupita asilimia 20 kwa mwaka. Mkikopa dola 2,000 kwa ajili ya hoteli na mkae nazo mwaka mzima bila kupunguza deni, riba peke yake yapita dola 400. Zitatoka wapi? Zitatoka katika usiku wa ziada ghalani. Wewe hutaki kusimama jikoni juma moja, na una haki. Lakini unachopendekeza ni yeye asimame ghalani mwezi mmoja baada ya likizo kusahaulika. Wewe nawe umehamisha kazi, wala hukumuuliza. Labda ndicho alichotaka kusema aliposema mharibifu, naye pia akakosa neno. Kwamba alilisema mbele ya mama yake, hilo ni kosa la peke yake na anapaswa kuliomba radhi, hoteli au hapana.

Nawaona wanandoa wengi wakifanana na hawa wawili. Kila mmoja anajua vizuri gharama itakayomwangukia yeye, na ile itakayomwangukia mwenzake huiona kama bei ya kawaida ya maisha. Bwana hafikirii sahani kwa sababu sahani huoshwa kila siku, basi haziwi gharama. Mama hafikirii usiku wa ghalani kwa sababu bwana huenda ghalani kila siku, basi hauwi gharama. Kazi tuliyoizoea kwa mwenzetu hugeuka kuwa kama hewa.

Liko jambo jingine katika barua ambalo halikuulizwa, lakini siwezi kulipita. Mtoto wa mwisho alitimiza miaka mitatu mwezi uliopita. Katika bustani zile, mtoto aliye chini ya miaka mitatu huingia bure. Kuanzia mitatu hadi tisa hulipiwa tiketi ya mtoto, ambayo si rahisi sana kuliko ya mtu mzima. Kuanzia kumi huhesabiwa mtu mzima. Mama anaandika kwamba bwana amesema mdogo "bado ni wa miaka miwili mpaka tutakaporudi", na kwamba langoni hakuna atakayedai cheti. Inaelekea wote wawili wamelichukulia kama mzaha mzuri, jambo pekee wanalokubaliana katika safari hii yote!

Bwana, hapa sikuungi mkono hata kidogo. Kulala Kissimmee ni akiba. Hili ni jambo la aina nyingine. Una binti wa miaka kumi na mmoja, na yeye anajua keki ya mdogo wake ilikuwa na mishumaa mingapi. Itabidi umwambie anyamaze, au umfundishe aseme miwili akiulizwa. Kisha siku moja atakuja kukuficha alikokuwa jioni, nawe utashangaa amejifunza wapi. Ikiwa tiketi moja ya mtoto haimo katika uwezo wenu, punguzeni siku moja ya bustani kwa wote. Vivyo hivyo kuhusu ule ujanja unaosikika wa kuchukua chumba cha watu wanne kisha kuwapenyeza wawili usiku. Idadi ile imewekwa pia kwa sababu ya usalama moto ukizuka.

Basi niseme ningefanyaje mimi, ingawa mimi si hakimu wa nyumba ya mtu.

Ningechukua nyumba ya nje. Watu sita, mmoja mzee na mmoja mchanga, watapumua vizuri zaidi katika vyumba vitatu kuliko katika vyumba viwili vya hoteli vyenye mlango mmoja mmoja. Na deni la riba mnaingia nalo mwaka mpya. Ila kabla ya kulipa, ningekaa na mke wangu na karatasi ile, nikaongeza ile safu iliyokosekana. Tofauti ya bei kati ya ndani na nje si faida ya bwana. Ni fungu ambalo mama ana sehemu ndani yake, kwa kuwa yeye ndiye angelipata kwa jasho. Sehemu hiyo ikatwe kwanza, kabla ya mabati.

Inunue nini? Kwanza, usingizi na miguu yake. Kula nje jioni tatu kati ya saba, au chakula kiletwe nyumbani, hata kama ni kuku wa kukaanga kwenye karatasi. Kiamsha kinywa kiwe cha bwana. Mayai na mkate havihitaji digrii. Chakula cha mchana kinaweza kubebwa kutoka nyumbani, kwa kuwa bustani zile huruhusu wageni kuingia na chakula chao, mradi hakuna pombe wala chupa za kioo. Mikate hiyo na itengenezwe usiku na bwana pamoja na binti mkubwa. Sahani waoshe watoto wawili wakubwa kwa zamu. Kisha iwepo siku moja katikati ya juma isiyo na tiketi wala gari, siku ya kidimbwi, ambapo mama haulizwi kitu na mtu yeyote hadi jua litue. Siku hiyo haigharimu hata senti, na watoto watashangaa kwamba wameifurahia sawasawa na zile za dola mia.

Nina pendekezo moja zaidi, na hili lilinifanya nicheke peke yangu. Katika ile bustani yao ya wanyama, Animal Kingdom, iliyofunguliwa mwaka 1998, wamejenga kijiji cha kubuni kinachoitwa Harambe, chenye kuta zilizochakazwa kwa makusudi ili zifanane na miji ya pwani ya huku kwetu, na kutoka hapo magari huwapeleka wageni kuona twiga na tembo katika matembezi yaitwayo Kilimanjaro Safaris. Fikiria nyanya aliyetoka Kenya akivuka bahari na kufikishwa hapo! Hoteli ya jirani, Animal Kingdom Lodge, iliyofunguliwa mwaka 2001, ina majengo yaitwayo Jambo House na Kidani Village, na mikahawa yake imepewa majina Boma, Sanaa na Jiko. Naam, Jiko. Si lazima ulale hapo ndipo ule hapo. Unaagiza meza mapema, unakuja, unakula, unaondoka. Bei yake si ndogo, lakini hulipwa mara moja tu, si usiku saba. Bwana, mchukue mke wako jioni moja, ninyi wawili peke yenu, mkae katika jiko ambalo hatapikia. Usimwambie bei ya kila sahani.

Hayo niliyaandika nikaona yametosha. Lakini mke wangu, ambaye siku hizi husoma barua za ukurasa huu kabla yangu na majibu yangu kabla ya mhariri, alinirudishia karatasi ikiwa na alama ya kalamu pale niliposema "ninyi wawili peke yenu". Akauliza watoto wataachwa na nani jioni hiyo. Nikamwambia, na nyanya yao, bila shaka. Akanitazama. Kisha akasema, "Na huyo nyanya, kuna yeyote kati yenu aliyemuuliza yeye anataka nini?"

Nimerudia barua kutoka juu hadi chini. Hakuna aliyemuuliza.